Ipi ichinjwe, ipi ipone: kisa cha ergomita mbili za Monark

Mashine zilikuwa mbili, za ukoo mmoja, na vipuri vilivyokuwemo vilitosha kufufua moja tu. Zote ni ergomita, yaani baiskeli za kupimia kazi anayoifanya mtu, na zote ni Monark za mkanda na pendulamu: zile baiskeli za mazoezi zenye gurudumu zito la chuma mbele na ubao wa namba ubavuni, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa vifaa vya maabara na vyumba vya kupimia wanamichezo. Zilitolewa stoo siku moja baada ya kusahauliwa humo. Ya kwanza iling'aa. Ilikuwa imepigwa rangi ya buluu upya, usukani wake ulikuwa na kromu isiyo na doa, na siti ilikuwa imevalishwa ngozi mpya. Ya pili ilikuwa na kutu shingoni, nguzo ya siti imeganda, pedali moja haipo, na mkanda umenata kwenye gurudumu kama plasta.

Mwenzangu ninayekusanya naye mashine hizi alizitazama akasema kile ambacho kila aliyepita alikisema: "Hiyo ya kutu tuichinje, hii nzuri tuimalizie." Tulifanya kinyume. Naandika sababu zote kwa urefu kwa kuwa uamuzi huu humkuta kila anayekusanya baiskeli za mazoezi za zamani, na mara nyingi hutolewa kwa macho, kabla spana haijashikwa.

Kwanza tukumbushane mashine hizi zilibuniwa kufanya nini. Mwaka 1954 Wilhelm von Döbeln wa Uswidi alieleza baiskeli rahisi ya kupimia nguvu. Mkanda unapita juu ya ukingo wa gurudumu, ncha zake mbili zinashikwa na mizani, na mizani inaonyesha tofauti ya mvuto kati ya ncha hizo. Kwenye mashine zetu mizani hiyo ndiyo pendulamu: uzito unaoning'inia, ambao ukivutwa husogeza alama kwenye ubao wa namba. Mwaka huohuo Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming walichapisha nomogramu yao, yaani chati ya mistari ya kusomea majibu, ya kukadiria uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa kuangalia mapigo ya moyo mtu anapofanya kazi ya kadiri. Monark, kiwanda cha baiskeli kilichoanzishwa Varberg, Uswidi, mwaka 1908, kilizitengeneza mashine za aina hiyo, nazo zikasambaa duniani. Napenda sana akili iliyomo katika muundo huu. Mkanda ukiwa mpya au mkuukuu, mkavu au wenye jasho, pendulamu inasoma nguvu inayovutwa wakati ule, wala haihitaji kukisia msuguano ni kiasi gani.

Hesabu yake ni nyepesi. Mzingo wa gurudumu, kwenye ukingo unaokaliwa na mkanda, ni karibu mita 1.62. Gia kubwa ya kranki ina meno 52 na ndogo ya gurudumu ina 14, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa pedali unasogeza ukingo mita 6 hivi. Mtu akizungusha mara 50 kwa dakika, ukingo umekwenda mita 300. Pendulamu ikisimama kwenye kilopondi 2, yaani nguvu ya uzito wa kilo 2, kazi ni kilopondi-mita 600 kwa dakika, ambazo ni wati 98, na kwa mazoea watu huandika 100. Hakuna betri wala umeme wa ukutani. Urefu wa ukingo, idadi ya meno, na pendulamu isiyodanganya: hivyo vitatu ndivyo ergomita yenyewe, na vingine vyote vimewekwa ili mtu apate pa kukalia.

Kwa mtazamo huo tulizikagua upya, na picha ikageuka.

Tulianza na meno. Nilichora alama ya chaki kwenye ukingo wa gurudumu na nyingine kwenye fremu mkabala nayo, kisha nikazungusha kranki polepole duru moja kamili. Kwenye mashine ya kutu gurudumu lilizunguka mara tatu na robo tatu kasoro kidogo, kama inavyotakiwa: 52 kwa 14 ni 3.71. Kwenye ile ya buluu chaki ilipita mara tatu, ikavuka robo kidogo, ikasimama. Tukahesabu meno ya gia kubwa kwa kidole. Yalikuwa 46. Kuna mtu aliifungia gia ya baiskeli ya kawaida, na kazi aliifanya kwa ustadi, imenyooka na imekaza. Ila sasa kila duru ya pedali ilisogeza ukingo mita 5.3 tu. Anayedhani anafanya wati 98 alikuwa anafanya 87 hivi, na ubao wa namba usingemwambia lolote. Kwa mtu anayetaka kutoka jasho tu, hiyo si hasara. Kwa ergomita ni ugonjwa mkubwa.

Gia hubadilishwa, kwa hiyo hilo pekee lisingetosha kuihukumu. Pendulamu ndiyo iliyotoa hukumu.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa cha gharama. Mashine inawekwa mahali pa usawa, mkanda unalegezwa kabisa, na alama ya pendulamu inatakiwa isimame kwenye sifuri. Isiposimama, ubao wa namba unasogezwa mpaka zilingane. Halafu mkanda unafunguliwa kwenye mizani, na mahali pake unaning'inizwa uzito unaojulikana kwa hakika. Sisi tulitumia kilo 4 zilizopimwa kwenye mizani ya kuaminika. Alama inatakiwa iende kwenye 4.

Ile ya kutu ilikwenda kwenye 4 ikapitiliza kwa unene wa mstari wenyewe. Tukatoa uzito, tukaurudisha, ikasimama palepale. Tukarudia tena na tena, na kila mara ilirudi pale. Ile ya buluu ilisimama chini ya 4, safari iliyofuata ikasimama juu ya 4, kisha uzito ulipotolewa haikurudi sifuri. Tulipoichomoa tukakuta ekseli ya pendulamu imepinda kidogo. Kwa jicho ungesema imenyooka. Ukiiviringisha juu ya kioo ndipo unapoona mwanga ukipenya na kufungika chini yake. Labda mashine iliangushwa ubavu wakati wa kuhamishwa. Tena rangi mpya ilikuwa imepigwa pamoja na pendulamu, ikaingia hadi kwenye tundu la ekseli.

Mimi nazitenganisha sana kasoro hizi mbili. Chombo kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku kinatibika. Ndani ya uzito wa pendulamu mna skrubu ya kurekebisha, nayo ikisogezwa, uzito unashuka au kupanda mpaka namba ikae sawa. Chombo kinachokosea leo hivi na kesho vile huwezi kukirekebisha, kwa kuwa hujui unakirekebisha kutoka wapi. Pendulamu na ubao wake ni vitu usivyovikuta kwenye duka la baiskeli. Kranki, cheni, gololi, pedali, siti na usukani vina ndugu zao kila mahali. Nilimwambia mwenzangu kwamba kutu ya shingoni nitaiondoa kwa mikono yangu, lakini ekseli ile sitaitengeneza ikawa ya kuaminika. Alipinga kidogo, na hoja yake ilikuwa ya haki: je, kwa nini tusihamishe pendulamu nzima kwenda kwenye fremu nzuri?

Tulilifikiria hilo kwa dhati. Jibu likatoka kwenye fremu. Pendulamu imeshikwa kwenye mabano ya fremu, na mabano ya ile ya buluu yalikuwa yamesukumwa upande mmoja, pengine na pigo lilelile lililopinda ekseli. Kuyanyoosha ni kuyapasha moto karibu na rangi, halafu kubahatisha. Fremu ya kutu ilikuwa imenyooka kote. Tuliigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia shingoni hadi miguuni tukisikiliza sauti, na pale penye kutu nene tukapachokonoa kwa msumari mkali. Chuma hakikutoboka. Jasho la miaka lilikuwa limedondoka pale chini ya usukani, ambapo hudondoka katika kila baiskeli ya aina hii, likala rangi na ngozi ya juu ya chuma, halikufika ndani. Mwenzangu alichukua msumari akajaribu mwenyewe. Tangu hapo tulikuwa wa kauli moja.

Kwa hiyo ile ya buluu ilichinjwa, na tulitaka vitu vichache mahususi kutoka kwake.

Kikubwa kilikuwa flaiwili, yaani gurudumu zito lenyewe. Kwenye mashine ya kutu mkanda ulikuwa umeachwa umekazwa ukiwa na unyevu, nao ukashikilia maji dhidi ya chuma kwa miaka. Tulipoubandua, palibaki ukanda wa kutu wenye upana uleule wa mkanda na kingo zilizonyooka kama zimepigwa rula. Nje ya ukanda huo chuma kilikuwa safi. Ndani yake palikuwa na vishimo. Msasa laini wa maji uliondoa wekundu, lakini vishimo vilibaki, na mkanda ukipita juu yake unashika na kuachia, pendulamu inarukaruka badala ya kutulia. Ningeweza kupeleka gurudumu kwenye mashine ya kuchongea, ila kila unene unaochongwa unapunguza ule mzingo wa mita 1.62 ambao hesabu yote inautegemea. Gurudumu la ile ya buluu lilikuwa limepakwa rangi hata kwenye ukingo wa mkanda, jambo lisilofaa kabisa, lakini chini ya rangi chuma kilikuwa kama kioo. Tuliondoa rangi kwa dawa ya kulainishia, tukaikwangua kwa kipande cha plastiki, na palipobaki mabaki tukasugua kwa msasa uliolowa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na kwenye fremu iliyopakwa mara mbili hujui ya chini ni ya lini. Vumbi kavu lake halifai kwenye mapafu ya mtu. Tahadhari hiyohiyo ifanywe na wale wenye mashine za aina nyingine zinazobanwa kwa viatu vya breki: viatu vya miongo ile huweza kuwa na asbesto, hivyo visipigwe msasa wala kupulizwa kwa upepo. Vilowekwe, vitolewe, vifungwe kwenye mfuko.

Gurudumu hilo lina uzito wa kilo 20 hivi. Linatolewa na watu wawili, mmoja akishika na mwingine akilegeza nati, na chini pawekwe gunia. Nimeshaona ukingo uliobonyea kwa kuangukia sakafu ya saruji, na ukingo uliobonyea haurudi.

Kabla ya kuhamisha tulipima magurudumu yote mawili kwa tepu ya kitambaa iliyozungushwa kwenye njia ya mkanda. Mizingo ililingana. Jambo hili usilichukulie kwa imani hata kama mashine zinafanana, maana miundo ilibadilika kwa miaka, na kipuri kinachoingia vizuri si lazima kiwe sahihi.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ilikuwa ya pini za kranki. Mashine zetu zilikuwa na kranki za mtindo wa zamani, ambapo kila mkono wa kranki unashikwa kwenye ekseli kwa kotapini, kijipini chenye upande mmoja bapa ulioinama. Tulitaka kutoa kranki ya buluu kwa sababu mkono wa kushoto wa mashine ya kutu ulikuwa umeharibika hesi pale pedali iliyopotea ilipokuwa imefungwa. Kotapini iliyokaa miongo haitoki kwa kuombwa. Fundi mwenye haraka analegeza nati na kuipiga nyundo. Pigo hilo halikomei kwenye pini. Linapita kwenye ekseli, linafika kwenye gololi, na gololi zinachora vidimbwi kwenye vikombe vyake. Baadaye unashangaa kwa nini pedali zinazunguka kwa mikwaruzo wakati grisi ni mpya.

Tulifanya hivi. Tuliipa mafuta ya kupenya kutu pande zote mbili na kuiacha yapenye hadi kesho yake, tukaongeza tena. Tukatoa nati, tukaibana kwa jiriwa: upande wa hesi ya pini tukaweka taya lenyewe, upande wa pili tukaweka kipande cha bomba nene chenye tundu pana kuliko kichwa cha pini, ili pini ipate pa kutokea. Tukakaza jiriwa taratibu, tukasubiri, tukakaza tena. Pini ya kulia ililia kwa mlio mmoja mkali ikasogea. Ya kushoto ilikataa. Tulipasha mkono wa kranki moto kidogo, mbali na kitu chochote cha plastiki na baada ya kufuta mafuta yote ya juu, tukakaza tena ikatoka. Ingeendelea kukataa ningeitoboa katikati kwa keekee ndogo, kisha kubwa zaidi, mpaka ibaki ganda. Nyundo ningeiacha kabatini.

Pini hazirudishwi. Zinanunuliwa mpya, na hapo kalipa, kile kipimio cha vipenyo, inahitajika, kwa kuwa kipenyo cha milimita 9.5 ndicho kilichozoeleka lakini ziko za 9.0, na hiyo nusu milimita inatosha kukuharibia siku. Zinapofungwa zielekee pande tofauti: mikono ya kranki ikiwa imelala mlalo, mmoja mbele na mwingine nyuma, nati ya pini moja iwe juu na ya nyingine iwe chini. Ukiziingiza zote upande mmoja, mikono haitalingana na mwendeshaji ataona mguu mmoja unachelewa.

Hapa niseme neno kwa wenye Schwinn za mazoezi za Marekani, maana huulizwa mara kwa mara. Hizo nyingi zina kranki ya kipande kimoja, fito moja iliyokunjwa kupita ndani ya fremu. Hakuna kotapini hapo. Pedali zake ni za hesi ya nusu inchi, wakati kranki za vipande vitatu kwa kawaida ni za inchi 9/16, kwa hiyo pedali za moja haziingii kwenye nyingine. Pia nati na koni za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Kwa pedali zenyewe kuna kanuni inayofaa karibu kila baiskeli: ya kushoto ina hesi ya kinyume, na zote mbili hufunguka kwa kuuvuta mpini wa spana, ukiwa juu, kuelekea nyuma ya baiskeli. Watu wamekata kranki nzuri kwa msumeno kwa sababu tu walikuwa wakiikaza pedali ya kushoto wakidhani wanailegeza.

Nguzo ya siti ya mashine ya kutu ilitoka kwa subira na mafuta, nikiizungusha kwa siti yake kongwe kama mpini. Kromu ya usukani wa buluu mwenzangu aliitaka sana, nasi tukaihamisha. Sikuwa na pingamizi. Usukani hauongezi wala haupunguzi wati. Cheni tuliinunua mpya. Mkanda nao ukawa mpya, kwa sababu wa kutu ulipasuka ulipobanduliwa, na wa buluu ulikuwa umelowa rangi.

Gia ya meno 52 ilibaki ileile ya asili. Hata hivyo ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa kulia wa kranki yake, kwa hiyo kutoka kwenye ile ya buluu tulichukua mkono wa kushoto peke yake. Tuliilinganisha mikono hiyo kwanza, urefu toka katikati ya ekseli hadi katikati ya pedali, kwani mguu hauvumilii tofauti hiyo hata ikiwa ndogo.

Ilipokamilika tuliweka uzito tena. Pendulamu ilisimama kwenye 4 na unene wa mstari, kama mwanzo. Tulisogeza skrubu ya ndani kidogo sana mpaka unene huo ukaisha, tukaning'iniza kilo 2 kuhakikisha namba za chini nazo ziko sawa, zikawa sawa. Kisha mwenzangu akapanda. Nilihesabu mizunguko kwa saa, yeye akakaza kirungu cha mkanda hadi 2, na alama ikatulia na kutikisika kidogo tu kila mguu ulipokanyaga. Mtikisiko mdogo wa namna hiyo ni wa kawaida. Miguu ya binadamu haisukumi sawasawa duru nzima.

Fremu yake sikuipaka rangi mpya. Nilisafisha kutu, nikapaka kizuizi cha kutu pale palipokuwa pamechubuka, nikaiacha na rangi yake ya kiwandani iliyobaki. Wakusanyaji wengi watanipinga, na najua mashine iliyopakwa upya hupendeza pichani. Lakini rangi ya asili inaonyesha mahali palipochomelewa, palipopinda, palipopigwa. Ile ya buluu ilituficha pigo lake mpaka tulipofungua pendulamu.

Kuhusu mabaki, kila kipuri kilichotoka kwenye ile ya buluu kina kikaratasi chake kilichofungwa kwa waya: kimetoka mashine gani, upande gani, kina kasoro gani. Kibao cha namba ya fremu hakikuhamishwa. Kimebaki kwenye fremu yake, na kwenye mashine iliyopona tumeandika, ndani ya kifuniko cha cheni, kwamba gurudumu, usukani na mkono wa kushoto wa kranki ni wa mashine nyingine. Atakayeinunua au kuirithi ana haki ya kujua anachokikalia. Gia ya meno 46 imepata kazi kwenye baiskeli ya barabarani, mahali pake halisi. Flaiwili yenye vishimo imepakwa grisi na kufunikwa; ikipatikana mashine ya mazoezi tu isiyopima kitu, itaifaa. Pendulamu ya ekseli iliyopinda imo sandukuni na ekseli yake, uzito wake ukiwa mzima, na kwenye kikaratasi chake nimeandika kwa kalamu nyekundu: isifungwe kwenye mashine ya kupimia kabla ekseli haijabadilishwa na kilo 4 hazijaning'inizwa.